Mashine za Mama Mwenye Nyumba

Asubuhi ya kwanza niliyoamka katika nyumba yake pale Tunduma, nilisikia kitu kinanguruma upande wa pili wa ukuta, sauti nyembamba kama ya nyuki aliyenaswa ndani ya kopo. Nilidhani ni mashine ya kunyolea nywele. Nilipotoka uani kupiga mswaki, nikamkuta mama aliyenipangisha chumba jana yake amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, sinia mapajani. Juu ya sinia kulikuwa na kilori cha vitofali vya rangi nne, kinapanda kibao alichokiegemeza kwenye kikombe. Kilipofika katikati kikaanza kurudi nyuma huku tairi zinazunguka kwenda mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemwona? Anateleza." Hakuniangalia. "Nguvu anazo. Miguu ndiyo hana."

Akachomoa waya, kilori kikanyamaza, akaanza kukata vipande vya mpira wa baiskeli avivishe tairi. Ndipo akanyanyua uso na kuniuliza kama nililala vizuri.

Niliishi pale miaka sita, nikiwa karani wa wakala wa forodha. Sisi wapangaji watano tulimwita Mama Mwenye Nyumba, hata mbele yake, na yeye mwenyewe akipiga simu alianza hivyo hivyo: "Mimi hapa, Mama Mwenye Nyumba." Sijui alizaliwa mwaka gani, wala sikuwahi kuuliza. Nilijua kwamba ni Mnamwanga, mjane, mama wa watoto wanne, mtu asiyekosa ibada ya Jumapili, na kwamba kwa miaka mingi yeye na marehemu mumewe walikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Mume alikaa mlangoni kuongea na wateja. Yeye alikaa ndani na mashine, na alikuwa akijua kwa sikio tu kwamba mkanda umelegea au beringi inakaribia kufa.

Vitofali vyenyewe vilitoka ng'ambo ya mpaka. Mwanamke mmoja wa Nakonde, tuliyemwita Bana Chanda, alikuwa anauza midoli ya mitumba, ile inayokuja kwenye mabelo. Siku moja alijikuta na gunia zima la vitofali vya plastiki, vile vyenye vinundu juu na matundu chini, ambavyo ukivibana vinashikana. Havikuwa na boksi wala picha ya kuonyesha vinajenga nini, kwa hiyo hakuna aliyevitaka. Mama Mwenye Nyumba akavichukua kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu walicheza siku mbili wakachoka. Siku ya tatu akakaa chini avikusanye avitie kwenye beseni, na kabla hajamaliza kukusanya akawa ameshajenga ukuta, kisha kona ya ukuta, kisha akajiuliza kama kuta mbili zinaweza kubeba chuma cha kuzunguka katikati yake.

"Nilikuwa naokota tu," alinisimulia, "mikono ikaanza."

Sebule yake ilikuwa sebule ya mama wa kanisani yeyote: makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda, saa ya ukutani. Ila katikati palikuwa na meza kubwa ya mninga ambayo sikuwahi kuona mtu akiitumia kulia chakula. Juu yake ndipo mashine zilipokaa. Palikuwa na lori lenye tela, na geti la mpakani lililojinyanyua na kujishusha. Palikuwa na kreni, na feni iliyotoa upepo wa kweli, kidogo. Na palikuwa na mashine ya kusaga, fahari yake, yenye mkanda wa rababendi na kikombe cha kupokelea. Ukitia punje tatu za ulezi juu, punje tatu zilitoka chini zimepondeka. Aliwahi kunipa unga huo kwenye ncha ya kisu nionje.

Mota alizitoa kwenye vitu vilivyokufa: redio kaseti, deki za video, magari ya watoto yaliyovunjika. Bana Chanda alipovuka na mizigo yake alipaza salamu ya Kibemba tangu getini.

"Mulishani, ba mama! Leo nina mota!"

"Bwino! Inazunguka?"

"Sijui, ba mama. Inanuka tu kuungua."

"Ilete hivyo hivyo. Anayenuka bado ana kitu ndani."

Basi walikaa wawili kwenye mkeka, mmoja anafungua skrubu kwa kisu cha mezani, mwingine ananywa chai na kueleza bei za vitenge. Mota ikiguswa na betri ikastuka, Bana Chanda alipiga makofi kama mtu aliyeona mtoto anasimama. "Natotela," Mama Mwenye Nyumba alimshukuru, na hicho kilikuwa karibu Kibemba chote alichokuwa akikitumia, ingawa alikielewa sana.

Taabu ya kwanza, alinieleza, ni kwamba mota ni mviringo na tofali lina pembe. Ukiiweka mota kati ya vitofali inatetemeka mpaka nyumba inabomoka. Wiki nzima alihangaika na hilo. Mwisho akaivisha mota utepe wa mpira wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikaingia katikati ya vitofali vinne kwa kubanwa, isicheze. Vyuma vya kuzungusha alivipata kwenye spoku za baiskeli. Puli alizitengeneza kwa vizibo viwili vya chupa ya maji vilivyogeuziana migongo. Gunia lile lilikuwa na gia chache za plastiki, kumi na moja, na hizo alizitunza kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, kila moja imefutwa vumbi.

Gundi hakuitaka kabisa. Hilo nililijua baada ya kuharibu. Mwaka wangu wa pili pale niliingia sebuleni kumbadilishia balbu, nikaipiga kreni kwa kiwiko, ikaanguka na mkono wake ukatoka. Yeye alikuwa dukani. Nilikimbia chumbani kwangu nikachukua gundi ya kuunganishia viatu, nikaubandika mkono ule vizuri kabisa, nikarudisha kreni mahali pake. Mwezi ulipita, nikasahau. Asubuhi moja akanigongea, sahani ya kikombe mkononi, na katikati ya sahani donge la vitofali sita vilivyogandana.

"Hii umeiua wewe?"

"Mama, nilitaka isionekane."

"Haikuonekana. Nimeiona nilipotaka kuifungua." Akaiweka sahani dirishani kwangu. "Kitu kinachoshikana kwa kubanwa, kesho kinakuwa kitu kingine. Sasa vitofali hivi vitabaki hivi mpaka mwisho wa dunia."

Siku mbili hakuzungumza nami zaidi ya salamu. Siku ya tatu alinitumia bakuli la maharage mabichi kupitia mpangaji mwenzangu, na mambo yakaisha. Sahani yenyewe sikuthubutu kuirudisha kwa juma zima.

Maneno yake mengi yalizaliwa mezani pale na kutoka nje kwenda kufanya kazi kwa watu. Mpangaji mmoja, kijana wa kubadilisha fedha, alikuja kulalamika kwamba mkewe siku hizi ni mvivu. Mama Mwenye Nyumba akamwuliza kama ameshaona mke huyo anaamka saa ngapi. Hakujua. "Usiilaumu mota kabla hujaangalia mkanda," akamwambia, akaendelea kukaza spoku. Na mimi, nilipokuwa nalalamika kwamba nimekaa ukarani miaka mitatu bila kupanda cheo, alinivuta kiti, akanionyesha gia ndogo inayoizungusha gia kubwa. Ndogo ilikuwa inakimbia, kubwa inakwenda polepole kama ng'ombe. Akanipa kamba iliyofungwa kwenye kubwa. "Ishike. Izuie." Nikashindwa kuizuia bila kutumia mikono miwili. Kisha akanipa kamba ya ile ndogo, nikaizuia kwa kidole kimoja.

"Mota ni ileile," alisema. "Ukitaka nguvu, acha mbio. Vyote viwili hupewi."

Sikupanda cheo kwa sababu ya maneno hayo, lakini niliacha kukosa usingizi.

Asidhani mtu kwamba alikuwa na subira kwa kila kitu. Mashine aliweza kuifungua mara kumi bila kuguna. Binadamu, yeye alimkatiza kwenye sentensi ya kwanza. Ukianza, "Mama, nilikuwa nataka kusema kwamba lile bomba..." yeye tayari alikuwa amesimama na spana. Mafundi aliowaita walimwogopa. Tena huyu aliyechezea nyaya mchana kutwa aliogopa umeme wa ukutani kama mtu anavyoogopa nyoka. Balbu ikiungua aliniita, akasimama mlangoni, mkono kifuani, mpaka nishuke kwenye kiti. "Betri naijua, ina mwanzo na mwisho," alisema. "Huu wa nguzo sijui unatoka wapi." Umeme ukikatika mtaa mzima ulinuna, yeye alifurahi, maana feni yake ya vitofali ndiyo pekee iliyokuwa inazunguka.

Nilikuwa nimemtajia siku moja mashine ya kumenya kahawa ya nyumbani kwetu Ikinga. Sikujua nimefungua mlango gani.

"Pipa lake lina vipele?"

"Ndiyo."

"Linazunguka kuja kwako au kwenda mbele?"

Nikafikiri. Nimeizungusha mashine ile tangu darasa la pili, kila msimu wa mavuno, mpaka mikono ikaota sugu. Sikujua.

"Mndali wewe," alisema kwa masikitiko ya kweli, "sasa hapo ulikuwa unafanya nini miaka yote hiyo?"

Ilinibidi nimpigie mama yangu simu. Mama alidhani kuna msiba. Nilipomweleza akasema, "Umepiga simu kuniuliza hilo?" Akamkabidhi simu baba. Baba akatoka nayo mpaka kibandani akaizungusha mashine huku ananitangazia. Mama Mwenye Nyumba akaichukua simu mkononi mwangu, na yeye na baba yangu, ambao hawakuwahi kuonana, wakaongea nusu saa kuhusu nafasi kati ya pipa na bamba, maji yanaingilia wapi, maganda yanatokea wapi. Krismasi ile nilipanda milima ya Ileje na mashine ya kumenya kahawa ya vitofali ndani ya boksi la viatu. Ilimenya maharage yaliyolowekwa, maana kahawa halisi ilikuwa kubwa mno kwake. Mama yangu aliiweka kabatini kando ya Biblia. Mpaka leo wageni wakija huwachomolea betri za tochi awaoneshe.

Kanisani minong'ono ilikuwepo. Mama mzima, mzee wa kanisa anayeshika zamu mlangoni, anacheza midoli. Mwenyekiti wa akina mama alikuja siku moja na wenzake wawili kumshauri. Nilikuwa uani nafua, dirisha liko wazi, nilisikia yote. Walianza mbali, wakasifu mapazia, wakafika kwenye neno la mtume kwamba nilipokuwa mtoto nilisema kama mtoto.

"Ni kweli," Mama Mwenye Nyumba alisema. "Chai ina sukari ya kutosha?"

Halafu nikasikia mashine ya kusaga ikiwaka. Halafu ikazimwa. Halafu sauti ya mwenyekiti, ya chini: "Hebu nibonyeze mimi." Iliwaka na kuzima mara tatu. Walipotoka, mwenyekiti alikuwa anaeleza wenzake kwamba kaka yake ana redio mbovu ambayo bila shaka ina mota.

Lakini jambo ambalo watu wa mtaa ule humkumbuka nalo ni la Saza.

Mtoto wake wa mwisho, Festo, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko. Alikuja nyumbani Pasaka moja, amekonda, mchangamfu, akawa anatusimulia kazi yao. Shimo limeshuka sana, alisema. Mtu huingia amekaa kwenye kitanzi cha kamba. Kamba imezungushwa kwenye roli la chuma, bomba nene lililolala juu ya mdomo wa shimo, na wanaume wawili, mmoja kila upande, wanalizungusha kwa mikono kumshusha na kumpandisha.

Mama yake alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha vidole. "Wakiachia?"

"Hawaachii, mama."

"Nimeuliza wakiachia."

"Mama, wale ni watu wazima. Wana nguvu kuliko mimi."

"Sijauliza nguvu."

Festo alicheka, akabadilisha mazungumzo. Yeye hakucheka. Kijana aliporudi Saza, mama alibomoa kreni na geti la mpakani apate vitofali, akaanza kujenga. Siku nne sikusikia akimkaripia mtu yeyote. Alipompigia mwanawe simu kumweleza alichokitengeneza, Festo alimjibu kwa upole, "Mama, hiyo ni midoli. Huku ni kazini."

Ijumaa akaja mlangoni kwangu. "Kesho kazini huendi?"

"Jumamosi hii siendi."

"Basi utanibebea beseni."

Tulibadilisha gari Mbalizi, tukabadilisha tena Mkwajuni. Njia nzima mtambo ule ulikaa mapajani mwangu, umefunikwa kanga, na yeye kando yangu ameshika kwa mikono miwili kikapu kidogo chenye mayai matatu. Nilipomwuliza mayai ni ya nani, alisema ya kazi.

Tuliwakuta wachimbaji wamekaa kivulini mwa turubai wanakula ugali, kama watu kumi na watano. Festo alipomwona mama yake anashuka kwenye bodaboda, alisimama mbiombio akaja kutupokea, uso umebadilika.

"Mama, kuna nini?"

"Nimekuja kuwaonyesha kitu wenzako."

Akafunua kanga, Festo akakiona. Akasogea karibu, akanong'ona, "Mama, tafadhali. Utaniaibisha."

"Aibu inapona," alisema, akampita.

Aliwasalimia wote, akaomba ndoo, akaipindua, akaweka mtambo juu yake. Roli dogo limelala juu ya nguzo mbili za vitofali, uzi umezungushwa, na mwisho wa uzi kifuko kidogo cha wavu. Aliokota jiwe pale pale miguuni pao akalitia kifukoni. Akaunga waya, mota ikaguna, jiwe likapanda taratibu mpaka juu. Wakapiga miluzi. Mmoja akasema, "Bibi anauza?"

"Hii mota ndiyo nyinyi wawili mnaozungusha," alisema. "Jiwe ndilo anayeshuka." Akachimba kishimo kwenye mchanga chini ya jiwe, akasimamisha yai.

"Na yai?" msimamizi wa shimo akauliza, mtu mnene mwenye kofia ya manjano.

"Yai ni kichwa cha mwanangu."

Wakacheka sana. Festo alikuwa anaangalia chini. Mama yake akachomoa waya. Roli likajifungua kwa kasi, jiwe likashuka, yai likapasuka, ute ukamrukia mtu wa mbele kwenye suruali. Vicheko vikaendelea kidogo, kisha vikapungua, kisha alibaki anacheka mmoja peke yake, naye akaacha.

Yeye alishaanza kufanya jambo jingine. Alitoa mfukoni kopo lake la gia, akaivisha gia moja kwenye ncha ya roli, na kando yake akabana kijiti kifupi kinacholegea, ncha yake inaangukia kwenye meno ya gia. "Huu ni ulimi," alisema. "Roli likienda juu, ulimi unarukaruka juu ya meno, hauzuii kitu. Likitaka kurudi, unaingia katikati ya meno unakataa. Mkitaka kumshusha mtu mnaunyanyua kwa mkono. Yule aliyeunyanyua ndiye anayejua anafanya nini." Akasimamisha yai la pili. Akaunga waya. Mota ikapandisha jiwe, safari hii kwa sauti ya tak-tak-tak. Likafika juu. Akachomoa waya.

Tak.

Jiwe lilishuka upana wa ukucha likaning'inia. Yeye aliweka mikono mapajani.

Msimamizi alichuchumaa. Aliangalia ulimi ule, akaugusa kwa kidole chenye tope. "Hebu nami nijaribu," akasema. Akachomoa na kuunga waya mara nne. Yai halikuguswa. Kisha akaangalia kule shimoni, kwenye roli lao la kweli, akaondoa kofia akajikuna kichwa.

"Gia ya ukubwa ule tutaitoa wapi, mama?"

"Gari bovu hamna? Gia chakavu ya gari inatosha. Ulimi, kipande cha springi ya lori."

"Sawa. Tutaliangalia jambo hili."

"Nami nitakuwa naliangalia," alisema. "Gari letu ni kesho."

Alikaa kwa mchomeleaji mchana ule wote, kwenye jiwe, mwavuli juu ya kichwa, anamwelekeza fundi ambaye hakuomba kuelekezwa. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kwa miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo ibada pekee aliyoikosa. Walipofunga gia na ulimi walijaza mawe kwenye gunia, uzito wa mtu, wakalipandisha nusu, na msimamizi akawaambia wazungushaji waachie. Mmoja hakutaka. Walimwambia mara mbili. Wakaachia. Gunia likakaa hewani. Mama Mwenye Nyumba aliinuka, akakung'uta gauni, akamkabidhi Festo yai la pili na la tatu.

"Chemsha ule," alisema. Tukapanda gari.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Alasiri moja nilikuwa uani, siku yangu ya mapumziko, yeye anaanika majani ya maboga kwenye ungo. Simu yake ikaita. Akaiweka sauti kubwa kama kawaida yake, maana sikio moja halikuwa zuri. Ilikuwa Festo, anaongea kwa kukatakata.

Mikono ya roli ilikuwa na tope, alisema. Walikuwa wanampandisha, wamefika katikati, mmoja akateleza akaanguka, na mwenzake peke yake hakuweza, likamponyoka. "Nilishuka kama shubiri moja, mama. Nikasikia tak. Nikaning'inia pale. Wakanivuta."

Mama yake alisimama na simu mbele ya mdomo.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Nenda ukale."

Akakata simu. Akaliweka jani alilokuwa ameshika juu ya mengine, akalinyoosha, akaingia ndani. Baada ya muda nikasikia mashine ya kusaga inawaka. Kisha feni. Kisha lori. Alikuwa bahili wa betri mtu yule, hakuwahi kuwasha mbili kwa wakati mmoja. Lakini alasiri ile aliwasha moja baada ya nyingine mpaka zote zikawa zinanguruma, nyumba nzima ikawa na sauti ya mzinga. Nilisogea dirishani. Alikuwa amekaa kwenye kochi, viatu amevua, macho amefumba, mikono imefunguka juu ya magoti. Sikujua kama anasali au anasikiliza. Betri zilianza kuchoka, mashine ya kwanza ikasimama, ya pili ikafuata. Hakuinuka mpaka ya mwisho ilipozima.

Nilihamia Vwawa baadaye, nikaoa, nikapata kazi nyingine. Simu tulipigiana sikukuu. Kisha nikasikia amekabidhi nyumba kwa bintiye wa kwanza, yeye amekwenda kuishi shambani Msangano. Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, nilikwenda kumwona.

Nilimkuta barazani, mpunga umeanikwa uwanja mzima mbele yake, na mabeseni saba yamemzunguka kwa nusu duara. Alikuwa amezeeka. Vidole vilikuwa vimejikunja viungoni, na kwa kuwa kucha hazikuweza tena kutenganisha vitofali, alikuwa anatumia mpini wa kijiko. Alikuwa anabomoa. Lori lilishabomolewa, na feni pia. Mashine ya kusaga ilikuwa mapajani, imebaki kuta mbili. Vyekundu vilikuwa kwenye beseni lao, vyeupe kwenye lao, spoku zimefungwa pamoja kama kuni.

Tulisalimiana, akaulizia mke, akaulizia wazazi wangu Ikinga, akanikatiza katikati ya kila jibu. Mimi nilikuwa siangalii kingine ila yale mabeseni. Nimeona wazee wakigawa nguo zao, wakilipa ahadi za zamani, wakiweka vitu sawa.

"Mama," nikasema, "kwa nini unazibomoa zote? Unaumwa?"

Akashusha kijiko. "Unadhani najiandaa kufa?"

Niliokota kitofali kilichoanguka miguuni pangu.

"Vitofali havitoshi," alisema. "Nataka kujenga kitu kikubwa." Alichomeka mpini wa kijiko kati ya vitofali viwili, akakandamiza, vikaachana. "Mjukuu alinionyesha kwenye simu. Daraja. Katikati limekatwa, linanyanyuka pande mbili, meli inapita, halafu linashuka linalala. Mota mbili, kila upande moja, na lazima ziende sawa. Zisipokwenda sawa upande mmoja unawahi. Hilo bado sijalijua."

Nikatazama mbele yetu: mpunga, kuku wanafukuzwa na mkwewe, mashamba mpaka kwenye vilima vya mbali, vumbi la pikipiki njiani.

"Lakini mama, huku hakuna meli."

"Hakuna," alikubali. Akatupa kitofali chekundu kwenye beseni la vyekundu. "Basi hakuna anayesubiri kupita. Nitalijenga vizuri."